Cimpunda: Mvua Moja, Mizigo Miwili

Cimpunda ni mtaa wa mlimani katika komuni ya Kadutu, jijini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyumba zake, nyingi za mbao na mabati, zimepandiana ubavuni mwa mlima hadi ua wa huyu unakuwa sawa na paa la jirani wa chini. Mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Ikishika usiku, maji hufuata vijia vile vile ambavyo watu hupanda na kushuka. Mara nyingi mama ndiye anayeamka kuzibua mfereji, kuhamishia gunia la makala pakavu, kuwasogeza watoto upande usiovuja na kutega beseni chini ya paa, maana maji ya mvua ni bidoni moja pungufu ya kwenda kutafuta kesho.

Kwamba ardhi ya huku inatembea si uvumi. Katika Kadutu kuna poromoko la Funu, linaloteremka polepole huku watu wapatao 80,000 wakiishi juu yake. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti ulioongozwa na Antoine Dille, wa Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Ubelgiji. Watafiti walilinganisha picha za anga za tangu zama za ukoloni na vipimo vya satelaiti. Wakaona kwamba kujaa kwa nyumba kumebadilisha mwendo wa maji ardhini, na mlima umeongeza kasi. Maji yakikosa mfereji huzama ardhini, na udongo uliolowa hauna nguvu ya kushikilia nyumba.

Hatari hiyo inawakuta wanaume na wanawake, lakini haiwakuti mahali pamoja. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliangusha machimbo ya dhahabu ya Kamituga, kusini magharibi mwa Bukavu, na makumi ya watu wakafukiwa. Walikuwa wanaume, wengi wao vijana, kwa sababu shimoni ndiko riziki ya kijana wa kiume inakotafutwa. Tarehe 4 Mei 2023 ikawa zamu ya Kalehe, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Mito ikafurika, mawe na matope yakashuka juu ya Nyamukubi na Bushushu, na watu zaidi ya 400 wakafa, mbali na wale ambao hawakuonekana tena. Soko la kijiji katika Kivu ni la akina mama kwa sehemu kubwa: ndio wenye mihogo, maharage, samaki na mitumba, na watoto wadogo huwa nao. Mgawanyo wa kazi ulikuwa umekwisha kuamua nani atasimama wapi mlima ukishuka.

Wataalamu wawili wa Ulaya, Eric Neumayer na Thomas Plümper, waliwahi kulifuatilia jambo hili duniani kote. Katika utafiti wao wa mwaka 2007 walichambua majanga ya nchi 141 kati ya mwaka 1981 na 2002. Kwa wastani, majanga yalipunguza umri wa kuishi wa wanawake zaidi kuliko wa wanaume. Lakini mahali ambapo wanawake walikuwa na haki sawa za kiuchumi na kijamii, pengo hilo lilipungua sana. Maana yake, udhaifu wanaosingiziwa wanawake kuwa ni wa maumbile unatokana zaidi na sheria, mali na desturi.

Katika Cimpunda, haki hiyo inaonekana kwenye karatasi ya parsele, yaani hati ya kiwanja. Nyumba ikibomoka au ikiungua (na moto nao ni janga la kawaida katika nyumba hizi za mbao), msaada hutanguliwa na orodha. Orodha huulizia mkuu wa kaya, na hati ikiwepo, ina jina la baba. Mjane anayesukumwa na shemeji zake, mke ambaye mumewe yuko machimboni, na mpangaji anayelea watoto peke yake hujikuta wakieleza kwa mdomo kile ambacho wengine wanakionyesha kwa muhuri. Chini ya Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, mke wa Kongo alihitaji idhini ya mumewe ili kufanya tendo la kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Ni hatua kubwa, lakini parsele nyingi ziliandikwa kabla yake, na desturi haibadiliki kwa kutangazwa katika gazeti rasmi. Anayetaka kujua nani atajenga upya baada ya maporomoko yajayo aanze na daftari la shefu wa avenyu, aone limeandika wanawake wangapi.

Pengo hilo la msaada akina mama hulijaza wenyewe. Mamuso, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana vilivyoenea katika Kivu Kusini, huwa na mfuko wa dharura pembeni ya ule wa mikopo: mwanachama akifiwa au akiunguliwa, anapewa bila kurudisha. Ndiyo bima pekee ambayo wengi wanaijua. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wanaishi mlima mmoja, na usiku mmoja unaweza kuwafanya wote waombaji.

Mlima si mzigo pekee wa akina mama: upande wa nishati nako, Bukavu ina kisa cha kusikitisha. Jiji liko pale Mto Ruzizi unapotoka ziwani, na bwawa la Ruzizi I limezalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, linalomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, lilifuata mwaka 1989. Hata hivyo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, na plastiki zinazosombwa na mvua kutoka milimani huenda kuziba mitambo. Kwa hiyo chakula kinapikwa kwa makala. Mbabula, yaani jiko la makala, huwashwa mlangoni, mama akipepea kwa kipande cha katoni mpaka makala yashike, kisha mvua ikianza huingizwa ndani pamoja na moshi wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wanaokaa karibu nao zaidi ni mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake.

Sehemu ya makala hayo hutoka katika misitu ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970 na iliyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Msitu ukikatwa, mteremko unabaki uchi na mvua inapata njia. Ndiyo maana kuzuia makala kunasikika kama sera nzuri. Lakini mlinzi wa hifadhi akifunga njia, bei inapanda Kadutu, na anayelipa ni yule anayenunua kwa kikopo kwa sababu hana pesa ya gunia. Wa pili ni mama mbeba mizigo, anayepandisha gunia mlimani kwa mkanda uliopitishwa kwenye paji la uso. Sera isiyomletea jiko jingine wala kazi nyingine imemwongezea mzigo tu.

Mwishoni mwa Januari 2025, viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizowasilisha mipango ya kufikisha umeme na nishati safi ya kupikia kwa wananchi. Siku hizo hizo jiji la Goma lilikuwa likiingia mikononi mwa waasi wa M23. Katikati ya Februari ikawa Bukavu, na benki zikafunga milango. Mpango wa umeme uliandikwa kwa ajili ya nchi yenye serikali inayofika kila mahali. Ukitaka kufika Cimpunda, utapaswa kuhesabu majiko pamoja na waya, na kukubali jina la mama mpangaji kwenye mita.