Soko la Chai Lilivyohama

Watoto wa Kericho na Bomet, sogeeni niwasimulie chai hii ilikokuwa ikienda kutafuta bei.

Miaka ya 1920, kampuni za Waingereza zilipoanza mashamba makubwa Kericho, chai iliyokwisha kukaushwa ilishindiliwa ndani ya masanduku ya mbao nyembamba, zile za plaiwudi. Kingo za sanduku zilikazwa kwa mabati, na ndani likatandikwa karatasi nyembamba ya metali, kwa maana chai hunyonya unyevu na harufu upesi sana. Masanduku yalipelekwa stesheni ya Lumbwa, ndiyo Kipkelion ya leo, yakapakiwa kwenye treni hadi Mombasa, kisha melini.

Huko London, ukingoni mwa mto Thames, kulikuwa na mtaa mzima wa maghala. Ghala moja kubwa, Butler's Wharf, lilimalizika kujengwa 1873. Wachukuzi walishusha sanduku baada ya sanduku. Waonjaji walichota chai kidogo, wakaitia maji moto, wakaivuta mdomoni kwa kishindo, wakaitema, wakaenda kikombe cha pili. Halafu ikaja zamu ya mnada, ulioanza jijini humo tangu 1679. Mchumaji wa Kericho hakumjua mnunuzi, wala mnunuzi hakumjua yeye.

Kisha likaja kontena, sanduku la chuma linalomeza shehena nzima na kunyanyuliwa kwa kreni. Meli za kontena zilikuwa kubwa mno kufika katikati ya jiji, zikawa zinatia nanga Tilbury, karibu na bahari. Wachukuzi wakakosa kazi. Butler's Wharf ikafungwa 1972, na leo watu wanaishi na kula mikahawani palipokaa chai.

Soko lenyewe lilikuwa limeshaanza kusogea nyumbani. Mnada wa Nairobi ulifunguliwa 1956, ukahamia Mombasa 1969, jirani na bandari. Ule wa London ulifungwa Juni 1998.

Siku hizi chai ya viwanda vya Kapkoros na Mogogosiek hufungwa katika magunia ya karatasi ngumu, ikauzwa Mombasa pamoja na ya Uganda na Rwanda. Basi redio ikitangaza bei za mnada wa Mombasa, msibadilishe stesheni. Bei hizo ndizo zinazoamua bonasi ya wazazi wenu, na bonasi ndiyo karo yenu.