Kupanda na Kushuka kutoka Westlands

Westlands iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayetoka hapo kwenda kutembea, kukwea au kuendesha baiskeli ana mambo mawili ya kuchagua: apande au ashuke. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Siku ambayo Waiyaki Way ina nyuzi 22, hesabu hiyo hulipa Ziwa Magadi, lililo kwenye mita kama 600, karibu nyuzi 30 (na kwa kweli huko huzidi), na kilele cha Lenana, kwenye Mlima Kenya, huachiwa kama moja tu. Mlima na jangwa viko mbali kwa sura, lakini Nairobi imekaa katikati yao.

Mazoezi huanzia karibu. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa mwaka 1999 wakiutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, una njia za miguu na za baiskeli, na asiye na baiskeli hukodi langoni, upande wa Barabara ya Limuru. Karura hufaa kwa kuzoeza mapafu na magoti, ila haimfundishi mtu upepo wala jua.

Hayo hufundishwa na vilima vya Ngong, vyenye urefu wa mita 2,460 sehemu ya juu kabisa. Matatu za 111 hufika mji wa Ngong, na kutoka hapo watu hufuata mgongo wa vilima, kilele baada ya kilele, kupita kando ya mitambo mirefu ya umeme wa upepo. Ukisimama mgongoni unaona nchi mbili. Mashariki, kuelekea Nairobi, kuna kijani, mashamba na mabati ya nyumba. Magharibi ardhi inaporomoka kuingia Bonde la Ufa, kavu na yenye rangi ya vumbi. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga mvua upande wa mji. Upepo huo ukivuka na kushuka bondeni huwa umeshapungukiwa na maji, tena hupata joto kadiri unavyoshuka.

Waendesha baiskeli huliingia bonde hilo kwa Barabara ya Magadi. Baada ya Kiserian kuna Corner Baridi, jina linalojieleza: hapo mtu husimama kufunga zipu ya jaketi, na baada ya nusu saa ya mteremko anaivua na kuifunga kiunoni. Mbele kuna Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe ya binadamu wa kale bado yamelala ardhini yalipoachwa, na mwisho wa lami ni ziwa lenyewe, chanzo cha yale magadi yanayolainisha githeri jikoni. Kwenda ni mchezo wa breki. Shida ni kurudi, kwani mlima wote hukusubiri saa ile jua limekaza. Katika joto hilo mwili unaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, pamoja na chumvi, kwa hiyo maji matupu hayatoshi.

Adui mwingine ni mwiba wa mgunga. Tairi likitoboka, mgeni hubadilisha tyubu haraka akaondoka, na hatua mia mbili mbele anapata pancha ya pili. Mzoefu hupitisha kidole polepole ndani ya tairi lote mpaka ncha ya mwiba imchome, aung'oe, ndipo aweke tyubu mpya.

Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni mbuga ambayo mtu huruhusiwa kuipita kwa baiskeli katikati ya pundamilia. Wakweaji huanzia Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye mita 25. Korongo la mbuga hiyo linavutia zaidi, na ndilo la hatari zaidi: Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni humo. Mvua ikinyesha mbali juu, maji hukusanyika na kushuka kwa kishindo katika njia nyembamba isiyo na pa kukimbilia. Anga ya buluu juu ya kichwa haithibitishi lolote.

Mlima Kenya unadai kitu kingine, nacho ni subira. Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (5,188) ni vya kamba na wakweaji stadi. Batian ilifikiwa na Halford Mackinder na wenzake mwaka 1899. Lenana (4,985) hufikiwa kwa miguu, na huko ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Hewa ya juu huko ina oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa. Anayekimbilia kilele kwa siku mbili huumwa kichwa, hukinai chakula na kutapika, hata akiwa kijana mwenye misuli. Dawa ya uhakika ni kushuka. Kwa njia ya Sirimon, watu wenye busara hulala kambi ya Old Moses, kisha ya Shipton's, na wengi huongeza siku ya kuzoea.

Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Marsabit, ni kinyume cha mlima huo: sakafu ya ziwa la kale, tambarare, nyeupe kwa chumvi, ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope la kunasa gari. Wagabra hupita huko na ngamia kati ya visima na chemchemi kama ya Kalacha, na mtembeaji hufuata ratiba yao, kwani umbali kati ya maji na maji ndio hupanga safari. Huondoka kabla ya alfajiri ili jua la saa sita liwakute kivulini. Wapandaji wa Lenana nao hutoka saa nane au tisa usiku, lakini kwa sababu yao: changarawe ya mlima, ikiwa bado imegandishwa na baridi, haitelezi chini ya kiatu.