Kilimo cha Mkakao, Kuanzia Kitaluni hadi Ghalani

Mkakao ni mti mdogo wenye majani mabichi mwaka mzima. Asili yake ni misitu ya mvua ya bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, ambako huota chini ya miti mirefu. Mkulima wa Kyela yampasa kuikumbuka asili hiyo, kwani karibu kila ushauri utolewao kuhusu zao hili watokana nayo: mkakao hupenda joto, unyevu, udongo wenye kina na kivuli. Wilaya yetu, iliyo kando ya Ziwa Nyasa, imejaliwa mvua nyingi na joto. Kivuli ndicho kimtegemeacho mkulima mwenyewe.

Mbegu ya kakao haihifadhiki, ikikauka, hufa. Kwa hiyo ichukuliwe katika tunda lililoiva la mti wenye afya na uzao mwingi, na isiwe na siku nyingi kabla ya kutiwa kwenye kiriba. Miche hukaa kitaluni miezi 4 hadi 6. Anayekusudia kupanda mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba, aandae kitalu mwezi Juni au Julai. Migomba itangulie shambani ili miche ikute kivuli. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hutoa miti takribani 450 kwa ekari, na mavuno ya kwanza huanza mwaka wa tatu au wa nne.

Maua ya mkakao hutoka kwenye shina na matawi makubwa, na huchavushwa na visubi wadogo mno wanaozaliana katika majani yanayooza na vigogo vya migomba vilivyokatwa. Shamba lililofagiliwa likawa jeupe kama ua wa nyumba hupendeza macho, lakini humnyima mkulima wachavushaji hao. Majani yaachwe chini. Yanayopaswa kuondolewa ni matunda yaliyooza na kuwa meusi, kwa kuwa ugonjwa huo huenea kwa matone ya mvua. Yakatwe na kufukiwa. Maotea nayo yang'olewe na matawi yapunguzwe, hewa ipate kupita.

Wakati wa kuvuna, tunda likatwe kwa kisu kikali. Kulivuta kwa mkono huchubua pale litokeapo ua, na mahali pale huenda pasizae tena.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea baada ya mavuno. Wapo wanaouza kakao mbichi kwa wanunuzi wa mitaani kwa sababu ada ya shule au matibabu hayangoji. Shida hiyo ni ya kweli, lakini auzaye hivyo humwachia mwingine faida ya kazi ya wiki mbili tu. Punje pamoja na utelezi wake huvundikwa katika sanduku la mbao au kapu, zikafunikwa kwa majani ya mgomba, kwa siku 5 hadi 6, na kugeuzwa kila baada ya siku 2. Joto la lundo hupanda hadi nyuzi 45 au zaidi. Hapo ndipo kiini hufa na ladha ya chokoleti huanza kujengeka. Ukipasua punje na kuikuta ya kijivu au zambarau iliyokolea, haikuvundikwa vya kutosha. Iliyo tayari huwa ya kahawia na yenye mipasuko ndani.

Kisha punje zianikwe juu ya vichanja, zikipinduliwa mara kwa mara, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 7. Zisianikwe kando ya barabara ya lami, kwani hunasa mchanga na moshi. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kakao ya wakulima wengi huuzwa mnadani kwa pamoja, hivyo gunia moja lenye ukungu laweza kushusha bei ya majirani wasiohusika.

Mkulima asiye na uhakika na punje zake amwone afisa ugani wa kata akiwa na sampuli ya konzi moja, kabla ya kuzipeleka ghalani.