Kinachobandua Rangi Utemini

Msomaji mmoja wa Utemini, mjini Singida, ametuma picha na swali. Picha ni ya ukuta wa korido uliopakwa rangi ya krimu. Kwenye usawa wa soketi ya umeme kuna mstari wa malengelenge unaotoka mlango wa jikoni hadi sebuleni, na pale rangi ilipobanduka pameota unga mweupe, laini, wenye vinyuzi. Swali lake ni hili: "Dada, nyumba ni ya marehemu baba, ya matofali ya kuchoma, imejengwa miaka ya 1970. Nimekwangua na kupaka rangi mwenyewe, ikabanduka. Fundi akaja akapiga lipu ya saruji, mwaka haujaisha imerudi palepale. Bomba halivuji. Huku kwetu kiangazi ni kikavu hadi midomo inapasuka. Hayo maji yanatoka wapi?"

Yanatoka chini, ndugu yangu, na yanapanda. Habari za rangi ipi na brashi ipi nazipita, maana kila duka la vifaa vya ujenzi lina mtu wa kukueleza hayo mpaka uchoke. Ninaotaka tuutazame ni huo unga mweupe. Mharibifu ni huo. Maji ni mchukuzi wake tu.

Nyumba nyingi za umri huo hazikuwekewa ile karatasi ya nailoni juu ya msingi ambayo mafundi huiita DPC, au iliwekwa ikachoka. Bila hiyo, tofali linagusana na msingi, na msingi unagusana na udongo. Tofali la kuchoma limejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na maji yana tabia ya kung'ang'ania kingo za tundu jembamba na kujivuta juu. Tundu likiwa jembamba zaidi, maji hupanda zaidi. Kwa hesabu ya kitabuni, tundu lenye nusu kipenyo cha mikroni 1 laweza kuyashikilia maji hadi karibu mita 15, na unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Mita 15 ni ghorofa nne au tano. Sasa mbona ukuta wako umeishia kwenye soketi?

Kwa sababu ukuta ni utambi. Washa kibatari uangalie: mafuta yanapanda utambi, lakini yanaishia pale yanapoungua. Mwali unavyokula, ndivyo utambi unavyovuta mengine kutoka kwenye kopo. Ukutani, mwali ni hewa. Maji yanapanda hadi pale kasi ya kukauka inapolingana na kasi ya kupanda, na hapo ndipo ulipo mstari wako wa malengelenge. Upepo wa Singida, huohuo unaowafanya watu wapange mitambo ya umeme wa upepo, ni mwali mkubwa kweli. Unakausha haraka, kwa hiyo mstari unakaa chini, ukuta unaonekana mkavu, na mwenye nyumba anaapa kwamba hakuna unyevu, kumbe utambi unavuta usiku na mchana. Tazama pia ncha ya utambi uliotumika mwezi mzima: ina gamba gumu jeusi, masalia ya yale yasiyoungua. Halafu chukua kitu kisichopitisha hewa uifunike sehemu ya chini ya utambi huo. Mafuta hayatasimama, yatapita ndani ya kifuniko na kutafuta pa kuungulia juu zaidi. Ile rangi ya mafuta uliyoipaka ili "kuzuia maji" ilifanya kazi hiyohiyo. Mwali ulikuwa kwenye usawa wa goti, ukauhamishia kwenye soketi.

Gamba la ukutani ni chumvi, na Singida imejaliwa chumvi. Mji umo katika Bonde la Kati, ambako mito haifiki baharini. Mvua inayonyesha huteremkia kwenye maziwa kama Singidani na Kindai, na humo maji hayana njia ya kutoka ila kupaa angani. Chumvi haipai, inabaki. Ukutani mambo ni hayohayo: maji yanaingia kwa chini na chumvi kidogo, yanatoka kwa ubavuni bila chumvi, na miaka 50 ni mingi. Ongeza mchanga usiooshwa na maji ya kisima yenye chumvi ya kuchanganyia. Ongeza na saruji yenyewe, ambayo hutoka tanuruni na salfeti zake za sodiamu na potasiamu.

Hapa sasa ndipo ninapopapenda. Chumvi inayotoka nje kabisa na kutua juu ya lipu haina neno, unaifagia. Balaa huja maji yanapokaukia ndani, milimita chache nyuma ya uso, jambo ambalo upepo mkali hulifanya kwa ustadi. Fuwele ya chumvi inaanza kuota ndani ya tundu. Inakua, inalijaza, inafika kwenye kingo. Akili ya kawaida inasema itasimama, maana nafasi imekwisha. Haisimami. Inasukuma.

Jambo hili liliwashangaza watu zamani. Mwaka 1853 Mfaransa Lavalle aliandika kwamba fuwele inayokua huweza kuinua mzigo. Mwaka 1905 Wamarekani Becker na Day waliipa fuwele ya shabu uzito wa kilo 1 juu ya kichwa chake, nayo ikaendelea kukua ndani ya maji yake na kuupandisha mzigo huo kwa sehemu ya milimita. Yaani shabu ileile ya kusafishia maji, inainua kilo.

Siri ni kwamba fuwele haigusi ukuta. Kati yake na tofali hubaki utando wa maji ya chumvi wenye unene wa nanomita chache tu. Uso wa fuwele na uso wa tofali hufukuzana, na utando uliobanwa katikati yao haukamuliki. Kupitia utando huo chembe mpya za chumvi zinaendelea kupenya na kujipanga kwenye fuwele, upande uleule unaobanwa. Laiti utando ungetoka! Fuwele ingeshikamana na tofali, mlango wa chembe mpya ungefungwa, na lipu yako ingepona. Lakini hautoki, na kila safu mpya ya chembe inadai nafasi ambayo haipo. Nguvu ya madai hayo hutegemea maji yamebeba chumvi kupita kiasi gani cha kile yanachoweza kukiyeyusha. Kinadharia msukumo hufika makumi ya megapaskali, ilhali lipu ya kawaida ikivutwa huachia kwenye megapaskali chache. Ndani ya ukuta halisi msukumo huwa pungufu, ila unatosha.

Bingwa wa kazi hii ni salfeti ya sodiamu. Glauber, mkemia Mjerumani wa karne ya 17, aliipa jina la Kilatini lenye maana ya chumvi ya ajabu, na hakukosea. Ina sura mbili: moja kavu kabisa, nyingine imebeba molekuli 10 za maji, na hiyo ya pili ina ujazo wa karibu mara nne ya ile ya kwanza. Kiangazi chote imelala kavu nyuma ya lipu. Mvua za Novemba au Desemba zikilowesha ukuta, ile kavu inayeyuka upesi, na maji yanajikuta yamebeba chumvi nyingi mno kwa sura ya pili, ambayo inaota kwa pupa mahali palepale. Ndiyo maana lipu hudondoka mvua zinapoanza, watu wakailaumu mvua. Wafaransa walishaitumia hila hii mapema: mwaka 1828 ilichapishwa mbinu ya Brard ya kupima mawe ya ujenzi kwa kuyachemsha katika salfeti hii na kuona lipi litamomonyoka. Korido yako imekuwa ikifanyiwa mtihani huo kila mwaka, bure.

Kwa hiyo fundi wako alikosea wapi? Alipiga lipu ngumu juu ya tofali laini. Saruji nzito haipitishi mvuke kwa urahisi, hivyo chumvi inajikusanya nyuma yake, na mwishowe lipu inang'oka pamoja na ngozi ya tofali. Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, una mifano mingi ya viraka vya saruji vilivyoumiza ukuta vilivyokusudiwa kuuponya. Dawa ni kinyume chake: lipu iwe dhaifu kuliko tofali na iwe na vinyweleo, ili chumvi iote ndani ya lipu, na lipu ndiyo iliwe.

Wahifadhi wa majengo ya kale wana jina la lipu ya aina hiyo, na mimi nimehangaika kulitafutia la kwetu. "Lipu dhaifu" ni sahihi lakini nani atalipia kitu chenye jina hilo? "Lipu ya mhanga" inanuka vita. "Lipu chambo" ilinipendeza siku mbili tatu, kwa vile inavuta chumvi, ila chambo humdanganya samaki na hapa hadanganywi mtu. Nimetua kwenye lipu ya kafara, na mwenye bora zaidi alete. Kazi yenyewe si ngeni Singida. Tembe za Wanyaturu zilisiribwa udongo, udongo ukichakaa zikasiribwa upya, na mti na udongo wa ndani vikabaki salama.

Ukitaka kuifanya mwenyewe, anza kiangazi, mvua zikishakata. Nje kwanza: ondoa udongo uliorundikana ukutani na bustani iliyoegemea nyumba, na maji ya paa yapelekwe mbali. Ndani, bandua lipu ya saruji hadi nusu mita juu ya mstari. Piga brashi kavu, zoa unga wote utupe nje. Usioshe ukuta kwa maji, utairudisha chumvi ndani. Ukitaka kuijua, kamulia unga huo ndimu: ukitoa povu, kuna jamii ya magadi au chokaa, usipotoa, ni chumvi ya jikoni au salfeti. Acha ukuta wazi miezi mingi kadiri utakavyovumilia wageni kuuona. Kisha lipu ya chokaa iliyozimwa, sehemu 1 kwa mchanga uliooshwa sehemu 3, kwa matabaka membamba, ukiilowesha kidogo isikaushwe na upepo kabla ya kushika. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta. Chokaa huunguza macho, vaa miwani. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, bandua kipande kwa kipande.

Unga mweupe utaonekana tena, na hiyo ni dalili kwamba lipu inafanya kazi. Ufagie. Baada ya miaka kadhaa lipu itachoka, utaibandua na kupiga nyingine.

Uliuliza pia kuhusu kuweka vigae kwenye korido hadi usawa wa kiuno, kama jirani yako alivyofanya. Vitapendeza. Ila utambi utakuwa umefunikwa hadi kiunoni, kwa hiyo nunua na rangi ya kutosha ya sehemu iliyo juu yake.