Kiongozi Mmoja, Sura Mbili



Kusoma herufi ni kazi moja. Kuchuja habari ni kazi nyingine. Leo tujifunze kuchuja habari za mtu tunayemjua sote hapa Pemba: Maalim Seif Sharif Hamad.

MAISHA YAKE

Alizaliwa Mtambwe mwaka 1943. Alisomesha skuli, ndiyo maana akaitwa Maalim. Mwaka 1977 akawa Waziri wa Elimu, na mwaka 1984 akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Mwaka 1988 CCM ikamfukuza. Mwaka 1989 akatiwa ndani, akatoka 1991. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, yeye na wenzake wakaanzisha CUF.

Tangu 1995 hadi 2020 aligombea urais wa Zanzibar mara sita. Hakutangazwa mshindi hata mara moja. Mwaka 1995 Tume ilisema amepata asilimia 49.8, na Dkt. Salmin Amour 50.2. Mwaka 2010, baada ya maridhiano, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka 2019 alihamia ACT-Wazalendo, na mwaka 2020 akawa Makamu tena. Alifariki tarehe 17 Februari 2021.

SURA MBILI

Basi watu walibishana nini? Wafuasi wake walimwita mtetezi wa haki. Wapinzani wake walisema anawagawa watu na kuuhatarisha Muungano. Ukisoma gazeti la huku, unamwona shujaa. Ukisoma la kule, unamwona mchochezi. Mtu ni yule yule.

TUCHUJE VIPI?

Katika kila habari tafuta mambo matatu: tukio, dai na sifa.

Tukio ni jambo lililotendeka. Mfano: tarehe 26 Oktoba 2015 Maalim Seif aliwaita waandishi wa habari akasema ameshinda uchaguzi. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatangaza katika televisheni kuwa uchaguzi umefutwa.

Dai ni neno linalotaka ushahidi. Maalim alidai ameshinda. Jecha alidai uchaguzi uliharibika. CUF nayo ikadai hakuna sheria ya kuufuta. Kila dai uliulize: ushahidi uko wapi?

Sifa ni maneno ya kupamba au kupaka matope, kama "shujaa" na "mchochezi". Hayo yanatuonyesha moyo wa mwandishi. Hayatuonyeshi tukio.

FAIDA YAKE

Hili si jambo la mchezo. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya CUF yalikwisha kwa vifo hapa Pemba. Hata hesabu ya maiti haikulingana: serikali ilitaja idadi ndogo kuliko CUF. Wakati huo ndugu walisusiana maduka na hata mazishi. Asiyechuja habari hubeba hasira ya mtu mwengine akadhani ni yake.

Huambiwi umpende Maalim Seif wala umchukie. Hiyo ni hiari yako. Ila hukumu yako itoke kwenye kichwa chako. Wahenga wamesema, akili za kuambiwa, changanya na zako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Maalim Seif alifukuzwa CCM mwaka gani?
2. "Alitangaza ameshinda" na "alishinda": maneno haya yana tofauti gani?
3. Chukueni gazeti lolote. Tafuteni tukio moja, dai moja na sifa moja.