Wawili Juu ya Pikipiki Moja

Ukitaka kumjua vizuri mwenzi wako, usimpeleke hotelini. Hotelini kila mtu mpole. Chakula kinaletwa, kitanda kinatandikwa, labda bili tu ndiyo italeta mnuno. Mpakie kwenye pikipiki, fungeni hema nyuma, mkapande milima ya Usambara mwezi wa saba baridi ikiwa imeshika. Mkirudi mtakuwa mmejuana kuliko miezi sita ya kukutana Jumamosi jioni kwa kuku na soda.

Najua utasema, "Dada, pikipiki tena? Kwani mimi bodaboda?" Tulia kwanza, msomaji wangu. Safari ya namna hii haihitaji pikipiki kubwa la kwenye sinema. Inahitaji chombo kizima, siku tano, na watu wawili wanaoweza kuambiana ukweli bila kununiana.

KWA NINI USAMBARA

Huko Ulaya na Marekani wenye pikipiki huwa na msimu wao: majani yakianza kugeuka rangi, wanakimbilia milimani kabla theluji haijafunga njia. Sisi hatuna msimu huo, lakini tunacho kipupwe. Kuanzia Juni mpaka Agosti masika yameshapita, vumbi la kiangazi halijawa kali, na hewa ya milimani inakata kama maji ya mtungini.

Lushoto iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoka Dar ukiwa umevaa fulana, huku juu utaitafuta sweta mwenyewe. Wajerumani walipaita Wilhelmstal na kupageuza mahali pa kukimbilia joto la pwani. Wasambaa walikuwa hapo zamani, wakilima mitelemko ambayo wewe ukisimama tu magoti yanatetemeka.

Toka Dar alfajiri, pitia Chalinze au njia ya Bagamoyo na Msata, kisha Segera mpaka Korogwe. Lala hapo. Msijifanye mashujaa wa kumaliza zaidi ya kilomita 300 halafu mkapanda mlima giza limeingia. Siku ya pili, mkifika Mombo, kateni kona kuelekea juu. Ni lami ya kilomita kama 33, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Soni kuna maporomoko ya maji karibu na barabara. Simameni, nyoosheni miguu, injini nayo ipumue.

ANAYEKAA NYUMA NDIYE MWENYE BREKI

Hapa ndipo penzi linapopimwa. Kwenye gari mnaweza kubishana na safari ikaendelea. Kwenye pikipiki miili yenu ni mzigo mmoja. Dereva akilala kwenye kona na abiria akajikaza kwenda upande wa pili kwa hofu, chombo kinayumba. Abiria anatakiwa aangalie mbele juu ya bega la dereva, lile la upande ambao kona inakwenda, na alale pamoja naye. Hilo huwezi kulifanya kwa mtu usiyemwamini.

Na dereva naye asitake kuaminiwa bure. Sheria niliyoipenda kuliko zote ni hii: anayekaa nyuma ana haki ya kusimamisha safari. Akigonga bega mara mbili, mnasimama, na maswali yanafuata pikipiki ikiwa imetulia. Asiambiwe muoga. Asiambiwe "tumekaribia".

Sisi tuliijaribu sheria hiyo njia ya kwenda Mtae, kijiji kilichoning'inia ukingoni mwa milima, kama kilomita 60 kutoka Lushoto, kikitazama mbuga ya Mkomazi chini kabisa. Njia ile ni ya udongo. Manyunyu yakaanza, udongo mwekundu ukawa kama sabuni. Nikagonga mara mbili. Mwenzangu alisimama, akavua helmeti, akanyamaza muda mrefu. Nilijua alikuwa ameisubiri Mtae tangu mwezi wa tatu. Mwisho akasema, "Haya mama, tungoje." Tulikaa barazani kwa duka moja tukinywa chai ya tangawizi zaidi ya saa mbili, na mvua haikukata. Tukarudi Lushoto taratibu kwa gia ya pili.

Mtae hatukuiona. Ila kuanzia siku ile, kwenye mambo ya nyumbani, mkopo, shule ya mtoto, ndugu wa kuja kukaa, mmoja wetu akigonga meza mara mbili mwingine anajua: simama kwanza, tuongee.

MZIGO NA CHOMBO

Kabla ya kuondoka mpelekee fundi unayemwamini. Akague cheni, brekipedi, tairi, taa na kebo ya klachi. Watu wawili na mzigo ni uzito mwingi, kwa hiyo uliza tairi la nyuma lijazwe upepo kiasi gani. Mara nyingi kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kwenye kitabu chake. Vitu vizito viwe chini na karibu na abiria, vyepesi ndio viende juu ya keria. Hema likining'inia nyuma kabisa, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza.

Bebeni tyubu ya akiba, pampu, spana, makoti ya mvua na tochi. Wakati wa kuteremka usining'inie kwenye brekipedi mwanzo mwisho, zitapata moto na kushindwa kushika. Shuka na gia ndogo, injini ikuzuie.

Na helmeti ziwe mbili, zote zinazokaa sawasawa na kufungwa mkanda. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kaka, kama umemnunulia mwenzio pafyumu kabla ya helmeti, mapenzi yako yana kasoro.

USIKU NDANI YA HEMA

Irente, kilomita chache kutoka mjini, kuna sehemu ya kupiga hema kwenye shamba linalosifika kwa jibini na mkate wake. Ukitembea kidogo unafika kwenye jabali maarufu la kutazamia, na chini yako nyika imetandazwa mpaka macho yachoke.

Usiku baridi haitanii. Wengi hubeba mablanketi ya kujifunika wakasahau ya kutandika, wakati ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Mkeka wa sponji chini una faida kuliko blanketi la tatu juu. Badilisheni nguo za safari kabla ya kulala, jasho likikaukia mwilini mtatetemeka mpaka asubuhi.

Hapa naomba unisikilize vizuri: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haionekani, na humuua mtu usingizini bila kukohoa. Pikeni nje, oteni moto nje, kisha ingieni mpashane joto wenyewe. Si ndicho mlichofuata?

MIGUU NAYO IFANYE KAZI

Siku ya tatu pikipiki ipumzike. Msitu wa hifadhi ya Magamba uko jirani na mji. Lipieni kiingilio, chukueni mwongozaji, mwingie kwenye kivuli chenye ukungu mkutane na mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya vichwa vyenu. Usambara ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya mpaka Udzungwa, na ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Lile ua dogo la zambarau linalopambia madirisha Ulaya asili yake ni huku. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao miaka ya 1890.

Mkitembea, anayechoka haraka atangulie mbele. Mwenye nguvu akitangulia, yeye anapumzika akimsubiri mwenzie, na mwenzie akifika tu safari inaendelea. Huyo hapumziki hata mara moja. Angalia nyumbani kwenu pia, huenda kuna mtu anaishi hivyo.

Siku ya nne teremkeni mpaka Korogwe, ya tano mrudi Dar. Sabasaba au Nanenane ikiangukia vizuri, ongeza siku chache za likizo umepata safari nzima. Wiki hii kaeni chini na kalenda, mpige hesabu ya mafuta, chakula na viingilio, kila mmoja aweke chake. Halafu kubalianeni mapema kuhusu ile sheria ya kugonga bega. Kama mwenzio anakataa hata kuijadili mkiwa sebuleni, msiwashe pikipiki kwanza. Malizeni mazungumzo hayo.