Likuta, Makuta na Herufi K: Ngeli za Nomino katika Stempu za Zaire

Stempu ni karatasi ndogo, na udogo wake humlazimisha mwenye kuichora aamue ni sehemu ipi ya jina la fedha itakayobaki na ipi itakayoachwa. Uamuzi huo una sarufi ndani yake.

Tuchukue Ubundu, mji wa ukingo wa Lualaba ulioitwa Ponthierville zama za ukoloni, mahali inapoanzia reli ya kilomita 125 iendayo Kisangani kwa kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Baada ya mageuzi ya fedha ya Juni 1967, aliyebandika stempu kwenye barua yake huko alikutana na herufi K. Faranga 1,000 zilikuwa zimegeuzwa zaire 1. Zaire 1 iligawanywa katika makuta 100, na likuta 1 katika sengi 100. Kwenye sarafu, palipokuwa na nafasi, iliandikwa likuta kwa kipande kimoja na makuta kwa vitano. Kwenye stempu ilibaki K.

Kwa nini isiwe L, au M? Kwa sababu li- na ma- ni viambishi awali vya ngeli, umoja na wingi. Mzizi ni -kuta. Msemaji wa Kiswahili haoni li- katika nomino nyingi za ngeli hiyo, ila huisikia katika upatanisho: jina hili limepotea, majina haya yamepotea. Herufi K imeruka kiambishi ikashika mzizi, basi yafaa kwa kimoja na kwa mia. (K ya kwacha ya Zambia ni jambo jingine: hiyo ni herufi ya kwanza ya neno lenyewe.)

Kipolandi kina tatizo lilelile, ila limegeuzwa. Huko husemwa 1 złoty, 2 złote, 5 złotych, kisha 22 złote tena. Mabadiliko yako mwishoni mwa neno. Stempu za Poland huandika zł, yaani mwanzo usiobadilika, na mkia wote huachwa. Lugha inayonyambua mbele hufupishwa kwa kuanzia ndani; inayonyambua nyuma hufupishwa kwa kuanzia mbele. Lesotho imechagua njia nyingine: L kwa loti, M kwa maloti, kiambishi kikiwa ndicho alama. Kwa maoni yangu, K ni ufupisho bora zaidi, ingawa humnyima msomaji hesabu ya umoja na wingi.

Si kila mgeni aliyeijali ngeli hiyo. Wareno wa Angola, katika sarafu zao za karne ya 18, waliuchukua wingi wakaufanya umoja: macuta moja, kisha macutas, wingi juu ya wingi. Kifaransa cha Kinshasa kiliandika makuta bila s, lakini kikaiongeza s hiyo kwenye zaïres. Sengi haikusumbua mtu. Haibadiliki, kama shilingi.

Mfumuko wa bei ulifanya kazi ambayo sarufi haikuifanya. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 faranga ikarudi. Likuta moja haikuwa tena na cha kununua, na umoja wake ukakosa wa kuutamka. Makuta imebaki midomoni, imejiunga na maji na mafuta, nomino za ma- zisizo na umoja. Asemaye leo Kisangani kwamba hana makuta hazungumzii sehemu ya mia ya zaire, hana fedha.